Mwalimu wa Mahali Pasipouma

Madaktari wengi niliofanya kazi nao walianza kwa kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi. Mwalimu alianza upande wa pili. "Uchungu una mdomo, utajisema wenyewe," alizoea kusema. "Wewe nionyeshe mahali palipokaa kimya." Mgonjwa aliduwaa kidogo, akajipapasa, kisha mara nyingi akapapata: kipande cha paja, upande mmoja wa shavu, kidole kilichokuwa kama cha kuazima. Hapo Mwalimu alisogeza kiti karibu, na sisi wengine tukajua asubuhi yetu imekwisha, kwa maana hangeondoka kwa mtu huyo mpaka ajue kimya kile kinaanzia wapi.

Nilikuwa muuguzi katika kliniki ndogo ya kanisa huko Lindi, Kibera. Yeye alikuja kila Jumanne na wanafunzi wa utabibu kutoka chuo alichofundisha, na alipostaafu akaendelea kuja peke yake, kama vile hakuna aliyemwambia habari ya kustaafu. Aliishi Kawangware, sehemu iitwayo Kongo, chumba cha kupanga. Sisi tulimwita Mwalimu. Watoto wa Lindi walimwita Mama Pini, wakamkimbilia kwa furaha kila alipotokea. Alikotoka kabla ya Kongo sikuwahi kukujua, ingawa ulifika mwaka ambao watu wa Nairobi hawakutaka kujua kitu kingine chochote kuhusu mtu.

Mkoba wake ulikuwa na vitu ambavyo mwizi angevirudisha. Pamba. Pakiti ya pini, moja kwa kila mgonjwa. Chupa mbili ndogo, moja ya maji baridi na nyingine ya maji ya uvuguvugu aliyoyaomba kwa mama wa chai wa pale nje. Na kile chuma cha meno mawili ambacho ukikigonga kinavuma, halafu unakisimamisha juu ya mfupa wa mgonjwa na kumwuliza kama anasikia kikitetemeka. Kwa vitu hivyo, na kwa macho ya mgonjwa yakiwa yamefumbwa, alikuwa akitembea juu ya mwili wa mtu polepole, akiuliza, "Hapa? Na hapa? Ni sawa na pale au ni tofauti?" Mwishoni aliweka kidole mahali fulani, pengine mbali kabisa na pale palipolalamikiwa, akasema, "Shida iko hapa." Nilimwona akifanya hivyo kwa miaka mingi na sikuzoea.

Kulikuwa na fundi wa kushona aliyesema mkono wake wa kulia umerogwa. Ulikuwa ukifa ganzi, akiamka anautikisa mpaka urudi. Mwalimu hakubishana naye kuhusu uchawi. Alimpitishia pamba kidole kwa kidole. Gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa vizito. Kidole cha mwisho kilikuwa kizima. Kile cha pete kilikuwa nusu kwa nusu, upande mmoja umelala na mwingine uko macho.

"Mchawi gani huyu anayegawa kidole katikati?" Mwalimu alimwuliza.

Fundi akacheka, kwa mara ya kwanza. Akaambiwa kwamba neva moja imebanwa pale kwenye kifundo cha mkono, na kwamba anapokata kitambaa aache kukunja mkono namna ile. Alifungiwa kibao mkononi cha kulala nacho, akifungue asubuhi. Baada ya wiki chache akamletea Mwalimu sketi aliyoshona mwenyewe, ndefu kupita kiasi, naye akaivaa hivyo hivyo ikifagia matope ya Lindi.

Kwa wagonjwa alikuwa mpole. Kwa wanafunzi alikuwa pilipili. Aliamini kila neno la mgonjwa na hakuamini hata moja la mwanafunzi. Ukimwambia mguu wa mtu umekufa ganzi, alikujibu, "Mguu upi, kuanzia wapi, umekufa kwa kitu gani? Kwa moto? Kwa pini? Kwa mtetemo? Rudi ukaulize." Nakumbuka alivyowafundisha habari ya njia mbili. Aliwatoa nje wakasimama mahali reli inapoonekana, kelele za mtaa zikiwa zimewazunguka.

"Chukueni watu wawili wa mtaa wa Mashimoni," alisema, "wote wanataka kufika ng'ambo ya reli, kule juu. Mmoja anavuka hapa hapa karibu na kwake, kisha anapanda. Huyo ni uchungu, yeye na joto. Wa pili anapanda upande wake ule ule mpaka mwisho wa safari, ndipo anavuka. Huyo ni mtetemo, pamoja na ile habari ya mguu wako uko wapi ukiwa umefumba macho. Wote wanapita ndani ya ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti. Sasa mtu akija akachimba shimo upande mmoja tu wa reli, ni nani watakaokwama?"

Wanafunzi wakatazama reli kana kwamba jibu lingekuja nayo. Msichana mmoja mwishowe akasema, "Wa mtetemo wa upande huo huo. Na wa uchungu wa upande wa pili, kwa sababu walishavuka."

"Vuta kiti ukae," Mwalimu akamwambia. Hakukuwa na kiti. Ilikuwa ndiyo namna yake ya kusifu.

Nisije nikamchora malaika. Sokoni Kawangware alibishana bei ya sukuma wiki mpaka wauzaji wengine walijifanya hawamwoni. Aliimba kanisani kwa sauti kubwa iliyopotea njia, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Na huyu mwanamke aliyelinda mgongo wa kila mtu kama yai, aliyetufokea tukimgeuza mgonjwa vibaya, alipenda mieleka ya televisheni kuliko kitu chochote duniani. Jumamosi alikaa kwa jirani yake muuza mboga, kikombe cha chai mkononi, akipiga kelele, "Mwangushe! Mwangushe na mgongo!" Nilipomwuliza anawezaje, alinitazama kwa mshangao. "Wale wanajua kuanguka," akasema.

Uchaguzi wa 2007 ulipoisha vibaya, Jumanne zilikoma. Kibera ilijifunga vipande vipande. Vijana waliziba njia kwa mawe na matairi, na anayepita aliulizwa jina lake la pili, maana jina la kwanza halisemi kabila. Kliniki yetu ilibaki na wauguzi wawili, mimi na mwenzangu wa Kitui aliyelala humo humo kwa kuogopa kwenda kwake. Tulishona, tukafunga, tukaosha. Daktari wetu alikuwa amekwama upande wa pili wa mji.

Asubuhi moja waliletwa majeruhi kadhaa, mmoja wao akiwa Barasa, seremala wa Mashimoni aliyetutengenezea meza ya dawa. Alibebwa juu ya mlango. Alikuwa amevamiwa akikimbia, hakujua na nani. Kiunoni alikuwa na jeraha kubwa la panga, tukalishona. Juu, kati ya mabega, kulikuwa na kijikato kama cha ukucha, kimeshajifunga, tukakibandika plasta. Mguu wake wa kulia haukusogea hata kidogo. Tulisema, kwa jeraha lile la kiuno, si ajabu.

Ajabu ilikuja mke wake, Mama Nafula, alipokuwa akimwosha. Alitoka akikimbia na beseni mkononi.

"Sister, kuja uone. Huu mguu uliokufa nikiugusa na maji anaruka. Huu mzima, huu anaosogeza, nimemwagia maji ya moto mpaka ngozi imekuwa nyekundu, na hasikii! Aki, ni nini hii?"

Nilikwenda nikajaribu mwenyewe. Ilikuwa kweli. Mguu wa kulia haukuwa na nguvu lakini ulisikia moto. Wa kushoto ulikuwa na nguvu lakini haukuujua moto. Shemeji yake Barasa aliyekuwa pale akarudi nyuma mpaka mlangoni, akasema hilo si jambo la kliniki, ni la kuombewa. Barasa mwenyewe alikuwa akinitazama, machozi yanaingia masikioni kwa vile alikuwa chali. "Sister, nimegawanywa," akasema.

Mtandao ulikuwepo. Nikampigia Mwalimu.

Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akauliza maswali mawili matatu, na sauti yake ikashuka. "Asiketi. Asikunjwe. Abaki juu ya ubao huo huo. Nakuja."

"Mwalimu, usije. Njia ni mbaya. Ukiulizwa jina—"

"Nimesema nakuja."

Hakukuwa na magari. Alitembea kutoka Kawangware, akashuka mpaka barabara ya Ngong, akaifuata, akaingia Kibera. Nilikwenda kumngoja kwenye kizuizi cha vijana, kwa kuwa wawili kati yao walinijua, niliwahi kuwatibu. Alipotokea, amevaa ile sketi ndefu na mkoba begani, kiongozi wao alisimama mbele yake. Alikuwa kijana mrefu, panga mkono wa kushoto.

"Mathe, simama hapo. Leta kipande, kitambulisho. Jina la pili ni nani?"

"Mwalimu."

"Hilo si jina. Nimekuuliza wewe ni mtu wa wapi."

Nilianza kusema ni daktari wetu, ni wa kliniki, lakini hakuna aliyenisikiliza. Mwalimu hakuwa akimtazama kijana usoni. Alikuwa akimtazama mkono wake wa kulia.

"Hicho kidole kimeungua," alisema. "Lini?"

Kijana akatazama kidole chake cha mwisho. Kulikuwa na lengelenge kubwa limepasuka. "Sijui. Labda jana, kwa tairi."

"Hukusikia?"

Kijana akakigeuza kidole, akakitazama tena.

"Na vitu vinakuponyoka mkono huu. Ndiyo maana umeshika hilo panga kushoto, na wewe si wa kushoto." Akapiga hatua mbele. Akauchukua mkono ule bila kuomba, akaugeuza, akaonyesha pale kati ya gumba na kidole cha shahada, nyama ilikokwisha pakawa shimo. Kisha akapanda na vidole vyake mpaka nyuma ya kiwiko, akagonga mara moja. Kijana aliruka kama aliyeguswa na waya wa stima.

"Ulivunjika kiwiko hiki ukiwa mtoto," Mwalimu akasema. "Kikaunga vibaya."

"Nani amekuambia?" Sauti ya kijana ilikuwa imebadilika. Wenzake walikuwa wamesogea.

"Mkono wako. Neva inapita hapa nyuma, na mfupa unaisugua kila siku. Inaweza kutolewa hapo ikawekwa mahali pazuri. Ukichelewa, mkono utakuwa wa kuning'inia tu. Sasa nina mgonjwa ndani."

Mmoja wa wale vijana akasema kwa sauti ndogo, "Enyewe alianguka kwa mti, tulikuwa wote." Yule mrefu akajitoa njiani. Hakusema pita. Alijitoa tu, akiwa bado ameushika mkono wake kama kitu alichopewa sasa hivi.

Ndani ya kliniki Mwalimu aliosha mikono, akapiga magoti kando ya ule mlango, akamsalimu Barasa, akamwuliza habari za watoto. Halafu akamwambia afumbe macho. Alianzia kwenye unyayo wa kushoto na pini.

"Hii inachoma au inagusa tu?"

"Inagusa."

Akapanda. Goti. Paja. Tumbo. "Inagusa," Barasa aliendelea kusema, "inagusa, inagusa," na mke wake akivuta pumzi kwa kila neno. Chini kidogo ya chuchu, Barasa akashtuka. "Hiyo! Hiyo inachoma!"

Mwalimu akachora mstari hapo kwa kalamu. Akahamia kulia na kile chuma. Akakisimamisha juu ya kifundo cha mguu kikivuma. Barasa hakusikia mtetemo. Goti, hakusikia. Nyonga, hakusikia. Akakishika kidole gumba cha mguu, akakipandisha, akakishusha, akamwuliza kimeelekea wapi. Barasa alibahatisha, akakosea, akabahatisha tena.

Mwenzangu wa Kitui alisimama na bandeji mkononi amesahau alikokuwa akizipeleka.

"Jeraha la kiuno halina hatia," Mwalimu akasema. "Lingekuwa ni lile, ganzi isingefika kifuani. Ugwe umekatwa nusu, nusu ya kulia, na ni huku juu. Juu kidogo ya mstari huu. Mgeuzeni kama gogo, wote kwa pamoja, nitahesabu."

Tulimgeuza. Akabandua plasta yetu ndogo. Kijikato kilikuwa pale, kulia kidogo ya uti wa mgongo, kati ya mabega, hakitoi hata damu.

"Barasa, hapa ulipigwa na nini?"

"Hapo? Hapo ilikuwa ngumi tu," Barasa akasema, uso ukiwa umebanwa kwenye mbao. "Nikikimbia mtu alinipiga ngumi. Miguu ikaisha. Ndipo nikakatwa kiuno nikiwa chini."

"Haikuwa ngumi," Mwalimu akasema taratibu. "Na huenda kipande kimebaki ndani."

Mama Nafula akaketi chini sakafuni. Barasa alikuwa akilia, lakini si kama mwanzo. Baadaye aliniambia kwamba kilichomliza ni kusikia kwamba mwili wake unaeleweka.

Gari la wagonjwa lilikubali kufika barabara kuu tu. Dereva hakuthubutu kuingia. Mwalimu alichora msalaba mkubwa mgongoni mwa Barasa, palepale, kwa kalamu isiyofutika, ili hata ikiwa yeye hayupo na mimi sipo, anayepiga eksirei ajue pa kuielekeza. Kisha tukatafuta wabebaji. Shemeji alikuwa ameshaondoka. Tulipotoka mlangoni tulimkuta yule kijana mrefu na wenzake wanangoja. Panga sikuliona.

"Mathe, wacha tumbebe sisi," akasema.

Wakambeba. Mwalimu alitembea upande wa kichwa, ameshika ubao, akiwafokea kama wanafunzi wake: "Polepole! Ninyi mnabeba mtu au mnabeba viazi?" Nao wakamtii, wakivuka mitaro kwa hatua za kunyata, moshi ukiwa juu yetu na milango yote imefungwa. Pale barabarani, gari lilipokuwa likifunguliwa, Mama Nafula alimshika Mwalimu mkono.

"Nitakuambia asante kwa lugha gani? Wewe ni mtu wa wapi?"

"Mimi ni wa Jumanne," Mwalimu akajibu, akapanda ndani ya gari na mgonjwa.

Ncha ya kisu ilipatikana chini ya ule msalaba, ikatolewa. Barasa alikaa hospitalini muda mrefu, akarudi na fimbo, kisha mguu wa kulia ukapata nguvu zake karibu zote. Wa kushoto haukuujua tena moto. Alijifunza kupima maji kwa mguu wa kulia kabla ya kuoga, na akarudi kwenye randa yake, akiketi kwenye kiti alichojitengenezea. Yule kijana mrefu alifanyiwa upasuaji wa kiwiko. Mwalimu alimsindikiza mwenyewe, akamgombeza njia nzima.

Sehemu moja ya siku ile sikuijua mpaka miezi ilipopita, nilipokwenda Kongo kumpelekea salamu za Barasa. Muuza mboga, yule jirani wa mieleka, alinionyesha mahali palipokuwa na mabati mapya.

"Hapa ndipo alikuwa anaishi kwanza," akasema. "Siku ile ulimpigia simu, moto ulikuwa nyumba ya tatu. Tulikuwa tunatoa vitu. Yeye alitoa mkoba, akaniambia, 'Ukiweza, nitolee godoro.' Akaenda. Nikafikiri ameingiwa na wazimu. Sikuweza kulitoa."

Kwenye simu hakuniambia. Ndani ya kliniki, akiwa amepiga magoti kwa muda wote ule akiuliza inachoma au inagusa, hakusema. Nilipomwuliza mbona alinyamaza, alikasirika kweli kweli. "Ningesema, wewe ungefanya nini? Ungezima?" Nilirudi Lindi nimeziba mdomo kwa kiganja kama mtoto.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa miaka mingi baadaye, asubuhi yenye jua, uani kwake Kawangware. Nilikuwa nimesikia amepatwa na kiharusi, nikaenda nikiwa nimejiandaa kumkuta kitandani. Nilimkuta nje kwenye kiti, sufuria ya mbaazi kavu mapajani, akichambua. Aliponiona hakungoja niulize hali.

"Kaa hapa upande wa kushoto. Nikuonyeshe kitu kizuri sana."

Alikiita kizuri. Mkono wake wa kushoto, alisema, ulikuwa unasikia kila kitu. Pini inachoma. Maji ya moto ni moto. Kidole kikipandishwa, anajua kimepanda. "Lakini nipe kitu nikiwa nimefumba macho, mkono hauwezi kuniambia ni nini. Habari zote zinafika, juu kabisa, ila wa kuziunganisha pamoja hayupo. Unaona? Si mkononi, si mgongoni, wala si chini ya ubongo. Ni kwenye ganda lake la juu, upande wa kulia, nyuma kidogo ya katikati. Nililijua nikiwa bado nimeketi sakafuni jikoni, nimeshika ufunguo na siujui. Picha ilipopigwa, palikuwa hapo hapo."

"Hukuogopa, Mwalimu?"

Alifikiri. "Niliogopa. Halafu nikashangaa. Maisha yangu yote nimewauliza watu kukoje huko ndani. Sasa nimeingia mwenyewe."

Kuku wa jirani walikuwa wakiparua kando ya miguu yake. Alinieleza kwamba ndani ya zile mbaazi mna mawe, kama kawaida ya mbaazi za sokoni, na kwamba muuza mboga angeweza kumchambulia lakini amemkataza. Kila asubuhi anazichambua kwa mkono wa kushoto, macho amefumba, mbegu moja moja. Mwanzoni hakupatia hata moja.

"Nitazame," akasema.

Akafumba macho. Vidole vyake vya kushoto vikaingia ndani ya sufuria, vikatembea, vikachukua kitu kimoja, vikakizungusha kwa muda mrefu sana. Niliona paji lake la uso likikunjamana. Nilitaka kumsaidia na sikujua kwa namna gani.

"Jiwe," akasema mwishowe, kwa uhakika.

Akafumbua macho. Ilikuwa mbaazi, nzuri, nzima. Akaitazama, akacheka mpaka mabega yakatikisika, akaitupa kwenye bakuli. Kisha akafumba macho tena na kuzamisha mkono.